Kidude cha kusomea Leaf: nilichobadilisha, nilichoacha na nilichouziwa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa. “Kaka, salama? Nimechukua Nissan Leaf ya Japani na nimeagiza kile kidude cha Bluetooth. Sasa nipe programu ya kuirudishia vijiti vyake vya betri, iende mbali kama mpya, na ichaji upesi. Tena milango nataka ijifunge yenyewe nikiondoka.”

Mambo manne kwa pumzi moja. Mawili hayawezekani, na moja likifanyika ni udanganyifu tu. Moja linawezekana, na huenda lisikugharimu hata shilingi.

Nilimjibu kwa kifupi, kwa adabu. Lakini lile neno la kurudishia vijiti, yaani ile mistari midogo ya dashibodi inayoonyesha uzima wa betri, lilinitonesha kidonda, na wanaonijua wanajua kwa nini. Kwa hiyo leo naandika kirefu, kwa faida yake na ya wengine wote ambao najua mna hamu kama yangu: gari la umeme limo uani, simu imo mkononi, na mtu anataka kuingia ndani ya kompyuta ya gari aone atatoka na nini.

Nianze na kidude chenyewe, kile kinachochomekwa kwenye gari ili simu isome kompyuta yake, maana hapo ndipo wengi mnapoliwa pesa mapema.

Chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, kuna soketi ya pini 16. Marekani ndiyo iliyoilazimisha kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, na sababu ilikuwa moshi: walitaka injini ijiseme yenyewe inapochafua hewa. Gari la umeme halina moshi wa kusema. Soketi lilirithi, lakini habari za betri yake kila kampuni huzitoa kwa lugha yake. Ndiyo maana ile programu uliyozoea kusomea Probox ukiichomekea Leaf itahangaika, na ikikupa kitu itakupa vipande vipande. Leaf ina programu yake, Leaf Spy, ya Android na ya iPhone. Iko Lite na iko Pro. Lite inasoma. Pro inasoma na inagusa, na kwenye kugusa ndiko maneno yalipo.

Kidude cha katikati, kile unachochomeka, wengi wanakiita ELM327. Hilo ni jina la chipu ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikukingwa dhidi ya kunakiliwa, watu wakalinakili, na nakala zikajaa dunia nzima hadi kwenye vibanda vya vifaa vya simu. Kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini nenda ukaulize kidude chochote cha bei ya chini na utakuta kimeandikwa v1.5. Kinachochekesha ni kwamba hicho mara nyingi hufanya kazi kuliko kile kilichoandikwa v2.1, ambacho wengi wa wanakilishaji wamekipunguzia amri nusu. Mwenye iPhone asinunue Bluetooth ya kizamani, haitaonana na simu yake. Atafute ya Bluetooth ya nguvu ndogo, BLE, au ya Wi-Fi. Mwenye uwezo achukue OBDLink, ni ghali na haina usumbufu. Na neno la siri la vidude vingi ni 1234 au 0000, kwa hiyo usikiache kimechomekwa ukaenda kulala. Jirani mwenye simu anaweza kuingia, na hata asipoingia mtu, soketi ile ina umeme muda wote na itakunyonyea betri ndogo ya volti 12.

Sasa kidonda.

Kazi yangu ni makaratasi ya bandarini. Magari yanashushwa Kilindini, mimi napita na mafaili. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba naenda kutafuta Leaf, hakuna aliyeona haja ya kunisindikiza kunilinda. Huyu nani atamdanganya? Nikaipata kwenye yadi moja, siitaji jina. Leaf ya 2014, yenye betri ya kilowati-saa 24, nyeupe ya lulu, viti havina doa. Kwenye dashibodi, ukingoni kulia, vijiti vyote 12 vya uwezo wa betri vimesimama.

Kwa asiyejua, vijiti vile vidogo havihesabu chaji ya leo. Vinahesabu uzima wa betri. Cha kwanza huanguka betri ikishuka chini ya asilimia 85 hivi ya uwezo wake wa awali, na kila kinachofuata hubeba kama asilimia sita na robo. Kumi na mbili kwa gari la umri ule, ndugu zangu, ni habari njema kupita kiasi.

Muuzaji akapiga boneti kofi. “Mzee, hii ilikuwa ya ajuza mmoja Japani, anaendea sokoni tu.” (Kila gari la Japani lilikuwa la ajuza. Vijana wa kule sijui hupanda nini.) Nikamwambia nina rafiki mwenye kidude, nimwite alisome gari. Akasema hapana, soketi ile ikiguswa waranti inapotea. Waranti gani ya gari la umri ule? Lakini mama watoto alikwishakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, anageuza kioo kujitazama hina.

Mwanzo ulikuwa asali. Kazini na kurudi, Nyali, Bamburi, sokoni, tokeni za stima zinakwenda taratibu, nami nawahubiria wenye petroli ofisini hadi wananikimbia. Kisha ikaja harusi ya mpwa wangu Kilifi. Kilomita sitini kwenda, sitini kurudi. Leaf yenye betri nzima ya kilowati-saa 24 ukiiendesha kwa adabu, bila kuwasha kiyoyozi, inaifikia safari hiyo kwa jasho. Na dashibodi yangu ilisema nzima.

Tulipofika Kikambala wakati wa kurudi, kobe akatokea.

Mwenye Leaf anamjua. Ni taa ya umbo la kobe kwenye dashibodi, na ikiwaka gari linakukatia nguvu, unatambaa. Nikatambaa hadi kwenye duka moja la kando ya barabara. Mwenye duka akatazama gari, akanitazama mimi na kanzu yangu ya harusi, akauliza, “Limekwisha mafuta?” Nikamwambia limekwisha stima. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatukodishia soketi ya friji ya soda, soda zikapata joto, na mama watoto akakaa kwenye kreti lililogeuzwa akiwa na hina hadi viwikoni, haniongeleshi. Shemeji yangu, aliyekuwa nyuma na Noah yake ya petroli, alisimama akatupiga picha. Picha ile bado iko kwenye kundi la familia. Kila Idi kuna mtu anairudisha.

Kidude changu kilipofika kutoka Nairobi, nikafungua Leaf Spy pale pale nje ya nyumba. Ukurasa wa betri unaonyesha jozi 96 za seli, kila moja na kijistari chake kilichosimama, na chini yake namba. Ya kutazama ni AHr, ampea-saa zinazobaki. Leaf mpya ya kilowati-saa 24 huwa kwenye 65 au 66. Yangu ilikuwa bado imejipamba juu, lakini kila nikifungua programu imeshuka. Nikawa napiga picha ya skrini kila jioni. Vijiti vikaanza kudondoka kama maembe ya msimu, kimoja, kingine, kingine. Namba ikaja kutulia kwenye 46. Gawanya mwenyewe: asilimia 70. Vijiti tisa. Hiyo ndiyo betri niliyonunua tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kaka wa Kisauni. Kurudisha vijiti kunawezekana. Mimi nilirudishiwa kabla hata sijanunua. Mashine ya kiwandani ya Nissan, Consult, ina amri ya kufuta kumbukumbu za kuchakaa kwa betri. Amri hiyo ina kazi yake halali: betri mpya ikiwekwa, kompyuta lazima isahau ya zamani. Mtu akiibonyeza kwenye betri ile ile iliyochoka, kompyuta inaamini imepewa mpya, inasimamisha vijiti vyote 12, kisha inaanza kujifunza ukweli upya kadiri unavyoendesha na kuchaji. Hakuna hata seli moja iliyopata nguvu. Aliyebonyeza ni yadi au ni aliyewauzia yadi, siwezi kuapa. Niliporudi na picha zangu za skrini, zimepangwa kwa tarehe kama faili la forodha, nikaambiwa ni joto la Mombasa ndilo lililokula betri.

Ulikuwa uongo mzuri kwa sababu una ukweli ndani yake. Leaf hizi za zamani hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji kama magari mengi mengine ya umeme; betri inategemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, kwenye jangwa, walianza kupoteza vijiti gari zao zikiwa bado changa, wakapiga kelele, mambo yakafika mahakamani. Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vijiti tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, wataitengeneza. Kuanzia magari ya 2015 wakaweka betri ya kemikali inayostahimili joto zaidi. Kwa hiyo ndiyo, joto linakula betri. Linaila kwa miaka. Halili vijiti vitatu kati ya mwezi wa Shaabani na Idi.

Basi nilinyamaza, nikarudi nyumbani, nikaamua kujifunza kitu hiki hadi nikijue kuliko wao. Na nimekijua. Fundi wangu wa Majengo, aliyekuwa akiniita “daktari wa simu” mbele ya wateja, siku hizi ananipigia: “Mzee, pita hapa na kile kidude chako, kuna Leaf imekuja.” Napita. Sidai kitu. Chai tu, na wateja wale wale wawe wapo.

Sasa tuje kwenye kubadilisha, ambalo ndilo mlilonijia.

Milango. Leaf nyingi za Japani zinafika hapa hazijifungi zenyewe ukiondoka. Kule huenda hawana haja. Huku, jioni, foleni ya Changamwe imesimama, mtu anafungua mlango wa nyuma, anachukua begi la tarakilishi, na anatembea wala hakimbii. Nissan imeweka uwezo wa kujifunga ndani ya gari, ni suala la kuuamsha. Kitabu cha Leaf za soko la Marekani, ambacho kinapatikana bure mtandaoni, kinaeleza kwamba milango hujifunga gari likifika kilomita 24 kwa saa na kujifungua ukizima. Na njia ya kuwasha au kuzima jambo hilo ni kwa kidole: funga milango yote, washa gari, na kabla ya sekunde 20 kupita bonyeza swichi ya milango uishikilie zaidi ya sekunde tano, hadi taa za hazadi zikujibu. Zikipepesa mara mbili umewasha, mara moja umezima.

Kwangu zilipepesa mara mbili. Nikatoka langoni, nikaingia njia ya vumbi ya nyuma ya msikiti, nikakanyaga kidogo, na milango yote ikalia tak! Watoto wakataka nirudie. Nikarudia.

Gari la shemeji, ndiyo, huyo huyo wa Noah, sasa naye ana Leaf, lilikataa njia ya kidole. Hapo ndipo Leaf Spy Pro ilipofanya kazi. Kwenye menyu yake ya Service kuna mahali pa milango, na chaguo ni zaidi ya moja: ijifunge kwa mwendo au ukiondoa gia kwenye P, ile ya kuegesha, ijifungue ukirudisha P au ukizima gari. Yeye alitaka ijifungue kwenye P, apate raha ya kushusha watoto shuleni. Nikamkatalia. Anaishi Likoni. Kwenye foleni ya feri dereva yeyote anaweka P, anasubiri, anachezea simu. Ukichagua P, unawafungulia milango yote minne watu usiowajua, wewe mwenyewe, kila siku, mara mbili. Tukaweka ya kuzima gari. Alinuna kidogo, lakini ndivyo ilivyo hadi leo.

Na kabla sijagusa chochote, nilipiga picha ya skrini ya jinsi ilivyokuwa. Hili nitalisema tena na tena mpaka mnichoke: piga picha kwanza. Badilisha kitu kimoja. Endesha. Ndipo ubadilishe kingine. Mtu anayebadilisha vitu vitano usiku mmoja, asubuhi taa ikiwaka hajui amkamate nani.

Kama gari lako lina sensa za upepo wa tairi, Pro itakusaidia pia kuiambia kompyuta ni sensa ipi iko tairi lipi baada ya kubadilishana matairi. Ni kazi ya dakika chache, haina hadithi.

Misimbo ya hitilafu ina hadithi. Mtu anafungua Leaf Spy mara ya kwanza, anakuta orodha ndefu ya hitilafu, moyo unamdunda, anabonyeza kufuta. Usifute! Piga picha kwanza. Halafu tazama volti ya betri ndogo, ile ya kawaida ya asidi iliyo chini ya boneti. Betri hiyo ikichoka, kompyuta za gari zinaamka zikiwa na njaa na kila moja inamlalamikia mwenzake: breki, usukani, chaja, zote. Nimewahi kuitwa Bamburi kwa gari lililotajwa kuwa “betri kubwa imekufa, bei ya gari jipya”. Betri ndogo ilikuwa chini ya volti 12, gari limekaa muda mrefu bila kuguswa. Mwenye gari alinunua betri ndogo dukani, akafuta misimbo, haikurudi. Aliyemtajia bei ya gari jipya hakuomba radhi hadi leo, na wala hataomba.

Jambo jingine linalowatisha wageni ni rangi. Kwenye zile jozi 96 utaona baadhi ya vijistari vya bluu na vingine vyekundu. Wekundu hapo hauonyeshi seli mbovu. Unaonyesha jozi ambazo kompyuta ya betri inazipunguza chaji kidogo ili zilingane na wenzao, na huko ni kusawazisha kwa kawaida. Seli dhaifu haitafutwi kwa rangi. Inatafutwa gari likiwa na chaji ndogo, uone kama kuna kijistari kimoja kinachozama peke yake huku wenzake wamesimama. Gari likiwa limejaa, hata seli mgonjwa husimama wima kama askari wa gwaride, na wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo sababu gari la kuuzwa daima hulikuta limejaa.

Wenye Leaf ya kilowati-saa 30 nao wana lao. Magari hayo yalitoka na programu ya betri iliyokuwa ikikosea hesabu na kujionyesha imechakaa kuliko ilivyo. Wenye magari wa New Zealand, ambao kama sisi wananunua yaliyotumika Japani, walikusanya takwimu zao za Leaf Spy, wakaliibua, na mwaka 2018 Nissan ikatoa programu mpya ya kusahihisha. Kwa hiyo ukiwa na ya 30 na namba zako ni mbaya kupita umri wake, uliza kwanza kama ilisahihishwa huko ilikotoka. Hapo namba ikipanda ni halali. Tofauti yake na ya yadi yangu ni mbingu na ardhi.

Wapo walioniuliza kuhusu magari mengine. BMW i3 ina programu yake, BimmerCode, ambayo hujiwekea nakala ya mipangilio ya awali kabla ya kuandika mipya, na kwa hilo tu naipenda. Unaweza kuondoa lile onyo la kisheria linalojitokeza kila ukiwasha skrini, na vidogo vidogo vingine. Volkswagen e-Golf, zile ambazo Kigali walizipokea kwa majaribio mwaka 2019, zinazungumza na OBDeleven. Volkswagen mpya zaidi zimefungiwa mlango. Bila idhini ya kiwanda huandiki kitu. Radio ya Japani inayoishia 90 na kitu, isiyofika 108? Hapo hakuna programu. Nenda ukanunue kibandio cha kupanua masafa kama watu wote.

Vitu nilivyoviacha. Sikuzima sauti ya kuwaonya watembea kwa miguu, ingawa baadhi ya Leaf zina hadi kitufe chake. Mji wenye mikokoteni, watoto wa madrasa na bodaboda zinazotokea kwenye vichochoro, gari kimya ni hatari, na anayejisifu nalo hajapata siku yake. Sikuzima kelele ya mkanda. Mkinitumia tena ujumbe wa kelele ya mkanda sitajibu, fungeni mkanda. Sikuwahi kushika nyaya za rangi ya machungwa. Ndani yake kuna karibu volti 400 za betri kubwa, na hakuna picha ya skrini itakayokurudisha.

Na picha hizo mnazopiga, ficheni namba ya chesisi kabla ya kuzirusha kwenye makundi. Februari 2016 watafiti wawili wa usalama walionyesha kwamba programu ya simu ya Nissan ilikuwa ikimruhusu mtu mwenye namba ya chesisi tu kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mtu mwingine na kuona safari zake. Nissan ikaizima programu ile kwa muda. Tangu hapo kila nikiona mtu kapachika namba nzima ili tu tumsifu kwa vijiti vyake, najiuliza mama yake alimfundisha nini.

Badiliko lililonifaa kuliko yote halikuwa hata ndani ya kidude. Leaf Spy inaonyesha joto la betri kwa sensa zake. Nikagundua kwamba nikirudi mchana na kuchomeka pale pale, nachaji betri ambayo bado ina moto wa barabarani, chini ya bati, saa nane. Sasa naegesha chini ya mwarobaini, naweka saa ya kuchaji iliyomo ndani ya gari ianze usiku wa manane. Mita za tokeni za nyumbani hazina nafuu ya usiku, kwa hiyo sipati unafuu wa shilingi. Napata betri iliyopoa. Zile 46 zangu hazijakimbia mbali tangu nianze hivyo, na mimi nazitazama kama mtu anavyotazama mzee wake aliyetoka hospitali.

Kwa anayekwenda kununua: nenda na kidude, na uende gari likiwa na chaji ndogo. Omba walitoe kwenye chaja tangu jana. Ukikuta AHr ya 65 kwenye gari la miaka kumi, usifurahi, uliza betri ilibadilishwa lini na risiti iko wapi. Liendeshe kutoka limejaa hadi lipungue sana, uone kilomita halisi zinasemaje kuhusu vijiti. Na ukiambiwa soketi haiguswi, shika mkono wa mama watoto, mshushe kiti cha mbele, muondoke. Atakununia hadi Mwembe Tayari. Ni nafuu kuliko kununiwa Kikambala. Wanaouza magari haya wanategemea aibu zetu, kwamba mtu mzima hatainama chini ya usukani mbele ya watu. Inameni. Magoti yatafutika vumbi.

Nimebakiza swali moja la kaka yetu, la kuchaji upesi. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 na kitu, na hakuna programu ya simu inayoiongeza. Tundu lile kubwa la CHAdeMO ndilo la haraka, hadi kilowati 50, ila utafute kituo chenye plagi hiyo. Nyumbani, soketi yako ya ampea 13 ndiyo mwisho wako, nayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo usiku kucha bila kupumzika. Mwite fundi wa stima akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, na swichi yake ya kukata. Siku za mwanzo guza plagi baada ya saa moja. Ikikuunguza kidole, zima. Na ile ekstensheni nyeupe niliyoiona kwenye picha yako, iliyopita chini ya mlango, irudishe sebuleni kwenye televisheni leo hii.